Moduli ya Kerneli Inapogoma Kujengeka: Anza na Kosa la Kwanza

Ofisi nyingi ndogo za hapa Dar es Salaam zinazotumia Linux hukutana na moduli za nje ya kerneli (vipande vya msimbo, kama draiva, vinavyoongezwa kwenye kiini cha mfumo wa Linux) kwa namna moja: kompyuta ya mezani haina Wi-Fi, mtu anatumwa Kariakoo kununua kifaa cha USB, na ndani ya boksi anakuta CD ndogo yenye msimbo wa draiva ulioandikwa kwa ajili ya kerneli za zamani. Anaandika make, amri ya kujenga programu kutoka kwenye msimbo, terminali inajaa maandishi, na mwisho kabisa anaona "Error 2". Katika kuhudumia kompyuta za namna hiyo nimeshawishika kwamba moduli yenyewe mara chache huwa mbovu; kwa kawaida kuna kitu kimebadilika pembeni yake. Kwa hiyo usiguse msimbo kabla hujajua ujenzi umekwama katika hatua gani.

Hatua hiyo inajulikana kwa kusoma kosa la kwanza. "Error 2" ni taarifa ya make kwamba kazi iliyoiagiza imeshindikana, ilhali sababu iko juu, pengine mistari mingi nyuma. Endesha ujenzi bila -j, kwa kuwa kazi zinazokwenda sambamba huchanganya ujumbe wao, na uhifadhi kila kitu kwa make 2>&1 | tee ujenzi.log, kisha utafute "error:" la kwanza ndani ya faili hilo. Ujumbe wa kwamba BTF (taarifa za ziada za utatuzi) imerukwa kwa kukosekana vmlinux si kosa, upite.

Ikiwa ujenzi umekufa kabla hata faili moja halijakompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, tatizo huwa katika faili za heda, zenye matangazo ya funksheni za kerneli ambayo moduli huyahitaji. Moduli ya nje hujengwa kwa make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD modules, na hiyo build ni kiungo tu kinachoelekea kwenye heda za kerneli inayotumika wakati huo. Katika Debian na Ubuntu kifurushi chake ni linux-headers-$(uname -r), na katika Fedora ni kernel-devel. Kisa ninachokiona mara nyingi ni cha mtu aliyesasisha mfumo lakini hajawasha kompyuta upya, hivyo uname -r inataja kerneli ya zamani huku heda alizonazo ni za mpya. Mahali ambapo intaneti ni bando la simu, ni rahisi pia kupakua kerneli na kuziacha heda. Ukisakinisha linux-headers-generic katika Ubuntu, au linux-headers-amd64 katika Debian, kwa kawaida zitakuja pamoja. Hakikisha vilevile kwamba njia ya folda la msimbo haina nafasi kati ya maneno, kwa sababu mfumo wa ujenzi wa kerneli hauivumilii.

Hatua ya pili ni kompaila. Ubuntu 22.04 ilikuja na kompaila ya GCC 11, lakini kerneli 6.5 iliyoletwa baadaye katika toleo hilo ilijengwa kwa GCC 12, na ndipo watu wengi wakaanza kuona kwamba gcc-12 haipatikani au kwamba chaguo la -ftrivial-auto-var-init=zero halitambuliki. Dawa ni kusakinisha kompaila ileile iliyoijenga kerneli. Amri ya cat /proc/version itakutajia ni ipi.

Hatua ya tatu ndiyo inayokula muda, nayo ni ya mabadiliko ya ndani ya kerneli. Linux hulinda sana uhusiano wake na programu za mtumiaji, lakini haitoi ahadi yoyote kwamba funksheni za ndani zitabaki zilivyo. Kerneli 4.15 ya mwaka 2018 iliondoa setup_timer na kubakiza timer_setup, 5.0 iliipunguzia access_ok hoja (thamani inayopewa funksheni) moja, 5.6 ya mwaka 2020 ilitaka proc_create ipewe proc_ops badala ya file_operations; na 6.4 ya mwaka 2023 iliondoa hoja ya kwanza ya class_create. Ukiona kompaila inalalamika kwamba funksheni haijatangazwa, kwamba hoja zimezidi, au kwamba aina ya kielekezi (kinachoshika anwani ya kumbukumbu) hailingani, jua kwamba umefika hapa.

Kabla ya kurekebisha mstari wowote, tumia lsusb kujua chipu ni ipi, halafu uangalie kama kerneli mpya haina tayari draiva yake. Chipu ya Realtek RTL8821CU, kwa mfano, inahudumiwa na rtw88 iliyomo ndani ya kerneli tangu 6.2, na hapo hakuna cha kujenga. Ukilazimika kurekebisha, linganisha LINUX_VERSION_CODE na KERNEL_VERSION ili msimbo uendelee kujengeka katika kerneli za zamani na mpya. Ninachokisihi kwa moyo wote ni kutonyamazisha kosa la kielekezi kwa chaguo za kompaila: ukiipa kerneli file_operations mahali inapotarajia proc_ops, itasoma anwani zisizo zake, na mfumo mzima unaweza kuanguka ukiwa na kazi za watu.

Faili zote zikikompailiwa lakini modpost, hatua inayokagua simboli (majina ya funksheni na data), ikasema simboli fulani haijafafanuliwa, huenda moduli yako inategemea moduli nyingine ya nje, na hapo KBUILD_EXTRA_SYMBOLS inapaswa kuelekezwa kwenye Module.symvers ya moduli hiyo. Ikitajwa simboli inayoruhusiwa kwa moduli zenye leseni ya GPL pekee, usibadilishe MODULE_LICENSE ya msimbo usio wako ili kupita. Hiyo ni kauli ya kisheria ya mwenye msimbo.

Moduli iliyojengeka ikikataliwa wakati wa kupakiwa, soma ujumbe wa amri uliyotumia kuipakia pamoja na dmesg, kumbukumbu za kerneli. "Invalid module format" kwa kawaida humaanisha imejengwa kwa ajili ya kerneli nyingine, jambo ambalo mstari wa vermagic katika modinfo utalithibitisha. "Key was rejected by service" ni Secure Boot (ulinzi unaokagua saini za programu tangu kompyuta inapowaka) ikidai saini, na ufunguo wako utauandikisha kwa mokutil --import kisha uwashe kompyuta upya.

Ikishafanya kazi, isajili katika DKMS ili ijengwe upya kila kerneli inapobadilika. Ujenzi huo nao ukishindikana, kumbukumbu yake iko katika make.log ndani ya /var/lib/dkms, chini ya jina na toleo la moduli. Na kwa kuwa kifaa kilichokwama ndicho hasa kilichokuwa kikikupa intaneti, chagua kerneli ya zamani katika menyu ya GRUB inayotokea kompyuta inapowaka, au uunganishe simu kwa waya wa USB na kuwasha ugawaji wa intaneti, ambao kerneli za kawaida huutambua bila draiva ya ziada, kisha upakue heda au toleo jipya la msimbo kwa njia hiyo.