Salio la mwanachama lisishikwe na mikono miwili

Ukianza kazi kwenye programu ya sacco hapa Kisumu, jambo la kwanza kukutoa jasho litakuwa salio. Mwanachama ana 5,000. Karani wa Kisumu anamtolea 3,000, na sekunde hiyohiyo karani wa Nakuru anamtolea mkewe 4,000 kutoka akaunti hiyohiyo. Kila muamala umesoma 5,000 na kuona zinatosha. Anayeandika mwisho anafuta kazi ya mwenzake: akiwa wa Nakuru, salio linaonyesha 1,000 ilhali 7,000 zimeshatoka.

Kwenye Spring Data JPA, maktaba ya Java ya kusoma na kuandika hifadhidata, kinga rahisi ni @Version, alama unayoiweka kwenye namba ya toleo ya kila rekodi. Kila badiliko huongeza namba hiyo, na UPDATE hudai namba ileile iliyosomwa. Isipolingana, muamala unakataliwa. Ukikataliwa, anza muamala mpya na usome salio upya. Kuita save() tena kwa data ya zamani ni kujisumbua bure.

Akaunti inayogombaniwa kutwa, kama ile ya kupokelea malipo ya M-Pesa, ifunge kwa @Lock(LockModeType.PESSIMISTIC_WRITE). Hifadhidata itapata SELECT ... FOR UPDATE, na wengine watasubiri hadi muamala uishe. Ndiyo maana hutumi SMS wala kuita huduma ya nje ukiwa umeshika kufuli: mtandao ukikwama, foleni yote imekwama. MySQL, usipobadilisha mpangilio wake, husubiri sekunde 50 ndipo itoe kosa. PostgreSQL, usipoiwekea lock_timeout, husubiri bila kikomo. Ukihamisha pesa kati ya akaunti mbili, funga kwanza yenye ID ndogo, hata kama ndiyo inayopokea. La sivyo A anayemtumia B na B anayemtumia A watakabana koo, kila mmoja akingoja kufuli la mwenzake. Halafu chunga @Transactional, alama ya kuanzisha muamala: mbinu (method) yenye alama hiyo ikiitwa kutoka ndani ya klasi ileile, kwa kawaida haianzishi muamala, na kufuli lako litakataa kwa kukosa muamala.

Kuhusu nani kabadilisha nini: @LastModifiedBy, inayojaza jina la aliyebadilisha rekodi, huhitaji @EnableJpaAuditing, AuditingEntityListener kwenye klasi ya jedwali, na AuditorAware ya kutaja jina. Kazi ya usiku haina aliyeingia, kwa hiyo ipe jina lake, tuseme "riba-usiku", safu isibaki tupu au na jina la zamani. Lakini safu hiyo humtaja wa mwisho tu. Mkaguzi wa hesabu atataka historia, nayo huwekwa na Envers, sehemu ya Hibernate ya kutunza historia, kwenye jedwali ambalo jina lake huishia na _AUD. Tatizo kubwa ni @Modifying yenye UPDATE ya jumla, inayobadilisha rekodi nyingi kwa amri moja: inapita kando ya hayo yote, na @Version haiongezeki. Riba ya wanachama wote ikiongezwa hivyo, andika mwenyewe jina, tarehe na toleo ndani ya UPDATE ileile.