Maputo ya hali ya hewa bado yanarushwa kila siku
Je, setilaiti zimechukua nafasi ya maputo ya kupima hali ya hewa? Hapana, hazijayaondoa. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti pale Nairobi bado kinayarusha, na duniani kote vipimo vikuu ni vya saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwa saa zetu, ili nchi zote zipime anga kwa wakati mmoja.

Sababu ni kwamba setilaiti haigusi hewa. Inapokea mnururisho (nishati kama mwanga na joto) unaotoka chini, halafu kompyuta inakokotoa joto na unyevu, na tabaka zilizo karibu na ardhi ndizo zinazosumbua zaidi. Puto linabeba kifaa kidogo kinachopima hewa yenyewe: joto, unyevu na kanieneo (mgandamizo wa hewa), na upepo unajulikana kwa kufuatilia linakopeperushwa kwa GPS. Linapita kwenye baridi ya nyuzi 80 hivi chini ya sifuri, kilomita 17 juu yetu huku karibu na ikweta, na linaendelea hadi kilomita 30 au zaidi ndipo lipasuke. Vipimo hivyo ndivyo vinavyotumika pia kuhakiki setilaiti zenyewe.

Ila usizidharau setilaiti. Vituo vya maputo Afrika ni vichache mno, jambo linaloumiza utabiri wetu, na baharini karibu hakuna kabisa. Kimbunga kama Hidaya, Mei 2024, kikiwa bado mbali baharini, kinaonekana kwa setilaiti kwanza.