Ukumbi Ukinyamaza, Usikimbie

Juzi mdogo wangu mmoja wa Mbagala kanitumia meseji: "Kaka, nimepanda jukwaani mara ya kwanza, hakuna aliyecheka. Niache?" Nikakumbuka Sinza, 2018.

Nilipanda na kitu kimoja tu: kuita vituo vya Dar, Kimara hadi Posta, kama konda wa zile daladala za kabla ya mabasi ya mwendokasi. Utani hakuna. Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Kibo... Nafika Shekilango, nasikia uma unagonga sahani ya chipsi meza ya mbele. Nikaogopa. Manzese yote nikairuka, nikaanza kutapatapa na vichekesho vya mama mkwe, mpaka MC akaja kunitoa maiki mkononi huku akiwaomba watu radhi. Radhi! Linaniuma mpaka leo.

Aliyenirudisha ni Andy Kaufman, mchekeshaji wa Kimarekani aliyefariki 1984 kwa saratani ya mapafu, miaka 35 tu. Oktoba 1975 alitokea kwenye televisheni, akaweka santuri ya wimbo wa katuni, akasimama kando kimya. Anasubiri mstari mmoja. Ukifika, ananyanyua mkono na kufumbua mdomo kama shujaa, halafu anarudi kusubiri. Watu hoi! Niliirudia video ile mpaka bando likakata. Mwaka 1979, baada ya onyesho lake Carnegie Hall, New York, aliwapakia watazamaji kwenye mabasi akaenda kuwapa maziwa na biskuti. Alipokufa, wapo mashabiki waliokataa kuamini, wakasema ni mchezo wake mwingine, atarudi. Mtu amewazoesha watu kumsubiri mpaka kaburini.

Jumamosi iliyopita, Mikocheni, nikaita vituo vilevile. Shekilango, kimya. Urafiki, kimya. Manzese nikanyamaza na mimi, nikawa natingisha sarafu kiganjani, nawatazama. Mama mmoja nyuma akaita: "Shusha!" Ukumbi ukalipuka. Kuanzia Magomeni kila meza inataka kushuka.

Kwa hiyo usikimbie ukimya, mdogo wangu. Usikimbie. Vijana mnaiga anayevuma mtandaoni wiki hii. Wiki ijayo mnaiga mwingine, na chenu mmekitupa kabla hakijaiva. Kaa na chako. Kimya kikija, kivumilie.

Panda tena na kitu kilekile, usibadilishe hata neno. Niambie ni lini, nitakaa meza ya mbele.