Kwadi inachimba au inanyanyua pua? Nilivyoseti shokapu zangu za dragi

Mkuu umeuliza kwanini kwenye dragi, yaani mbio fupi za mstari ulionyooka, ukiachia klachi kwadi yako (pikipiki ya magurudumu manne) inachimba udongo palepale, halafu ulipolegeza shokapu ya nyuma kama ulivyoshauriwa ikaanza kunyanyua pua. Najibu kwa urefu maana huko nimepita na nimeaibika.

Hayo ni magonjwa mawili na dawa zake zinapingana. Ikichimba, uzito haujafika nyuma vya kutosha, ikinyanyua pua umefika mwingi mno. Mimi mwanzo sikulijua hilo, nikaona wazoefu wametoa shokapu ya nyuma wameweka chuma tupu nami nikaiga. Kwenye njia tambarare kama meza inafaa, ila mimi nakimbia kwenye udongo wenye mawimbi, basi tairi ikawa inadunda kama mpira, injini inalia na mwendo hakuna. Nikarudisha shokapu kimyakimya.

Siku hizi naanza hivi. Nachukua kamba ya plastiki ile ya kufungia nyaya, naifunga kwenye rodi ya shokapu ya nyuma, isikaze sana, naisukuma juu mpaka iguse bodi ya shokapu, naondoka kwa nguvu zote, nasimama naiangalia. Ikiwa imesukumwa hadi mwisho, shokapu inagonga chini, kaza springi kidogo. Ikiwa haijasogea karibu kabisa, springi ni ngumu mno, ndo maana unachimba. Halafu kuna rebaundi, ile skrubu ya chini inayoamua shokapu irudi haraka au polepole. Ikirudi haraka mno inakaa chini, kisha inajirusha juu na tairi inapoteza mshiko, utasikia injini imepiga kelele ghafla mita chache baada ya kuondoka. Funga hiyo skrubu klik mbili (ikizungushwa inalia klik, klik) ujaribu tena, usiguse kingine!

Mbele shusha pua, ufunge mikanda ya kuzuia shokapu zisitanuke. Mimi naziachia nafasi ya kutanuka kama inchi moja. Ukifunga kabisa matairi ya mbele yanaachana na ardhi mapema na usukani unakuwa pambo tu.

Ukishashusha kagua cheni. Inakaza zaidi pale ekseli, bolti ya swingamu (mkono unaobeba ekseli ya nyuma) na sproketi ya mbele (gia ya cheni) vinapokaa mstari mmoja, kwa hiyo pima ulegevu hapo hapo, sio kwadi ikiwa kwenye stendi.

Tairi sasa. Kwadi nyingi za michezo zinakimbia kwenye psi 4 hadi 6, na geji ya gari haisomi vizuri chini huko, tafuta ya presha ndogo. Na pima mzunguko wa kila tairi ya nyuma kwa futi kamba, maana ekseli ni moja na zote zinazunguka sawasawa, ile kubwa inaisukuma kwadi ielekee upande wa ile ndogo. Yangu ilikuwa inavuta kulia wiki nzima nalaumu shokapu, kumbe tairi zilipishana karibu inchi nzima, asee nilijicheka.

Swingamu ndefu usinunue kwanza, inatuliza pua kweli lakini inapunguza uzito unaohamia nyuma, na wewe tatizo lako la mwanzo lilikuwa kuchimba. Rudisha springi ya nyuma ilipokuwa, ufunge ile kamba kwenye rodi, uniambie imesimama wapi.