Jibu: Leseni ya kusimamia tiba ya uyoga, Colorado

Habari ndugu. Umeuliza kama wewe, mkazi wa Denver mwenye ukaazi wa kudumu, unaweza kuchukua leseni ya kusimamia wateja wa uyoga wenye silosibini (kemikali inayobadilisha fahamu), na mteja anapaswa kuambiwa nini.

Kabla ya kulipia mafunzo, angalia hali yako ya uhamiaji. Wapiga kura wa Colorado waliikubali tiba hii mwaka 2022, lakini sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, bado inaihesabu dawa haramu, na uhamiaji hufuata hiyo. Mimi niliishia hapohapo: wakili alinisikiliza, akaweka kalamu mezani, akasema, “Pata uraia kwanza.”

Ukishaupata: uwe na miaka 21, mafunzo ya saa 150, kisha vitendo chini ya msimamizi. Leseni ya mtu hutolewa na DORA, idara ya jimbo inayosimamia leseni za taaluma. Ya kituo cha tiba hutolewa na Idara ya Mapato ya jimbo. Wengi huzichanganya hizo.

Mteja ajue mapema gharama na aina ya leseni yako, kisha asaini ridhaa. Muulize dawa anazomeza, hasa lithiamu (dawa ya matatizo ya hisia). Na kuhusu kumshika bega akianza kulia: awe amekubali kuguswa kabla hajameza chochote. Akishalewa uyoga, “ndiyo” yake haihesabiki.