Kalamu nyekundu iache ofisini: kwa wanaotaka watoto waandikiane barua

Mleta mada, usiandike hiyo barua ya mfano ubaoni Jumatatu. Nimesoma bandiko lako mara mbili. Darasa lako la nne linataka kuandikiana na shule ya mkoa mwingine, na mpango wako ni kuandika mfano ubaoni, watoto waunakili wakibadilisha majina, ukusanye madaftari, usahihishe kila barua kwa kalamu nyekundu, wanakili upya ile iliyosahihishwa, ndipo utume. Halafu ukauliza mada zipi zinafaa, mtumie Kiswahili au Kiingereza, gharama za posta zikoje, na uwafanyeje wale wanaosoma kwa shida. Maswali mazuri, lakini mpango huo ukiutekeleza ulivyo, hutakuwa na haja ya majibu yake. Zoezi litakufia baada ya bahasha ya kwanza.

Nafundisha Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria. Tuliunganishwa na shule moja ya Makete, mkoani Njombe, na kwa watoto hakuna jozi nzuri kuliko hiyo. Huku ni ziwa, dagaa, machungwa na kivuko cha Nansio. Kule ni milima, viazi, ukungu, na baridi ya Juni na Julai inayowafanya watoto waende shule na masweta mawili. Mtoto wa huku hajawahi kuona sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, na wa kule hajawahi kuona ziwa lisilo na ng'ambo. Kila mmoja alikuwa na mambo ambayo mwenzake hawezi kuyakisia. Tukayafuta kwa wino mwekundu.

Kabla ya hapo tulikaa kwenye semina. Mwezeshaji, mtu mwenye cheti kirefu na sauti ya kujiamini, alitufundisha hatua zile zile ulizoziandika wewe, karibu neno kwa neno, ndiyo maana nimeshtuka. Alisema barua inayotoka nje ni sura ya shule, isitoke na kosa hata moja. Tukaandika kwenye madaftari yetu. Hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe amewahi kukaa na watoto zaidi ya 80 chumba kimoja wakiandika kitu kitakachosomwa na mtu halisi. Nina hakika hajawahi, maana angewahi asingesema vile. Mpaka leo nikimkumbuka nakasirika, kwa sababu mwalimu mmoja akikosea darasani hasara ni ya darasa moja, lakini mwezeshaji akikosea hasara inapanda magari na vivuko kwenda shule zote zilizotuma mwakilishi.

Sasa nikueleze hasara yenyewe ilivyo, maana ukiisikia juu juu hutaiona.

Kulikuwa na mtoto wa kiume, baba yake mvuvi wa dagaa. Kwenye rasimu yake aliandika: "baba analalaga nyumbani mbalamwezi tu giza hatumuoni". Ndivyo ilivyokuwa, bila nukta, bila herufi kubwa. Kalamu nyekundu ikapita. "Analalaga" ikazungushiwa duara, maana si Kiswahili sanifu. "Mbalamwezi tu" ikawekewa alama ya kuuliza. Herufi kubwa, nukta, mkato, vyote vikadaiwa. Mtoto akatazama karatasi imejaa wekundu, akafanya alichofanya kila mtoto mwenye akili: akaifuta sentensi yote na kuandika ile ya ubaoni, "Baba yangu ni mvuvi hodari." Sentensi safi, haina kosa. Akapewa tiki.

Angalia kilichofutwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola. Wavuvi huwasha taa, dagaa hufuata mwanga, nyavu huwazunguka. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, dagaa hawajikusanyi kwenye taa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika na wavuvi hurudi kulala na familia zao. Yule mtoto alikuwa ameyaweka hayo yote, pamoja na hamu ya kumwona baba yake, ndani ya maneno saba. Makete wakapokea "mvuvi hodari".

Na majibu ya Makete yalikujaje? Vilevile, kwa sababu mwalimu wa kule naye alikuwa amefundishwa hivyo hivyo. "Nimefurahi kupata barua yako. Natumaini u mzima wa afya kama mimi. Hongera kwa baba yako mvuvi hodari. Mimi baba yangu ni mkulima hodari." Bahasha nzima ikasomeka kama barua za mtoto mmoja mwenye majina mengi. Tulipowaambia watoto wajibu, walikaa wakiuma penseli. Hawakuwa wavivu. Wangejibu nini? Hakuna aliyeulizwa swali, hakuna aliyeambiwa jambo la kushangaza. Duru ya pili ikaandikwa kwa kulazimishana, ya tatu haikufika.

Hasara ya pili ni mbaya zaidi na hutaiona mpaka baadaye. Mtoto aliyeadhibiwa kwa maduara hujifunza kuandika maneno anayojua tahajia yake tu. Barua zake zinakuwa "Mimi mzima. Mama mzima. Baba mzima. Shule nzuri. Karibu." Kila sentensi ina nukta. Mkaguzi atafurahi. Lakini yule mtoto ameacha kuandika, ananakili maneno salama, na kumrudisha kunachukua muda mrefu kuliko ungetumia kumfundisha vizuri tangu mwanzo.

Kwa hiyo kanuni ninayokuomba uishike, hata ukisahau mengine yote: kalamu nyekundu isiguse rasimu ya kwanza. Rasimu ya kwanza haisahihishwi, inajibiwa. Na inajibiwa kwa maswali.

Sababu ni kwamba kuandika ni kazi mbili: kupata la kusema, kisha kulisema kwa usahihi. Mtu mzima anaweza kuzifanya pamoja kwa sababu tahajia imeshamkaa mkononi. Mtoto wa miaka 10 hawezi. Ukimpa zote mbili kwa mpigo atachagua ile inayompa tiki, na siku zote hiyo ni ya pili. Zitenganishe kwa siku, si kwa dakika.

Tulipoanza upya mwaka uliofuata tulifanya hivi. Siku ya kwanza hakuna kuandika kabisa. Watoto wawili wawili, kila mmoja amsimulie mwenzake jambo moja ambalo mtoto wa Makete hawezi kulijua asipoambiwa. Kelele ni nyingi, mkuu wa shule atachungulia dirishani, mwache achungulie. Siku ya pili wanaandika kwa penseli, wakiruka mstari mmoja kila wanapomaliza mstari, ili kuwe na nafasi ya kuongeza. Vifutio tulivikusanya mezani. Mtoto mwenye kifutio hutumia nusu ya kipindi akisugua neno moja mpaka karatasi itoboke. Akikosea apige mstari mmoja juu ya neno aendelee. Asiyejua tahajia aandike anavyosikia.

Siku ya tatu ndiyo kiini. Mtoto anamsomea jirani yake rasimu kwa sauti, na jirani anajifanya yuko Makete, hajui chochote cha huku. Kazi yake ni kuuliza maswali mawili tu na kuyaandika chini ya ukurasa. Hasahihishi, haruhusiwi hata kugusa herufi. Wewe mwalimu unapita na penseli, si kalamu, na unafanya hivyo hivyo kwa wachache kila siku. Usijaribu kusoma barua zote usiku mmoja, utachoka na ukichoka utarudia maduara. Halafu mtoto anajibu yale maswali ndani ya barua, kwenye mistari iliyorukwa. Pasipotosha anachora mshale na kuandika nyuma ya karatasi. Rasimu ikichafuka hivyo, ujue kazi inafanyika.

Usahihishaji unakuja baada ya hapo, na hata huo uende kwa kosa aina moja. Leo nukta na herufi kubwa peke yake. Kesho "l" na "r", ambazo kanda yetu zinatusumbua sana. Keshokutwa "ng" na "ng'". Watoto wenyewe ndio wanaotafuta, kila mtu kwenye barua yake. Ile "analalaga" mtoto ataigeuza mwenyewe kuwa "hulala" ukimweleza kwamba msomaji wa Makete huenda asiizoee, na sentensi yake itabaki na kila kilichomo. Kisha nakala safi kwa wino. Na makosa yatakayobaki, yaache yasafiri. Rafiki wa kalamu hahesabu makosa.

Mwaka huo mtoto mwingine wa mvuvi alieleza tena habari za mbalamwezi, na safari hii haikufutwa. Bahasha ya Makete iliporudi kulikuwa na swali: kwa nini baba yako asiende ziwani wakati kuna mwanga wa kutosha kuona njia? Mtoto hakujua kulieleza vizuri. Alikwenda kumuuliza baba yake, akarudi na karatasi mbili zilizojaa taa na nyavu na mahali dagaa wanapojificha. Hakuna aliyemwambia aandike karatasi mbili. Mwisho naye akauliza: hiyo baridi yenu inaganda kwenye majani ya viazi, mnafanyaje viazi visife? Bahasha ziliendelea mpaka wakamaliza darasa la saba.

Watakuambia, na najua kwa sababu na mimi niliambiwa, kwamba bila mfano ubaoni watoto hawatajua muundo wa barua, na muundo unaulizwa kwenye upimaji wa darasa la nne na mtihani wa la saba. Ni kweli unaulizwa. Barua ya kirafiki ina anuani moja, juu kulia, na ya kikazi ina mbili. Kuna tarehe, mwanzo, salamu, kiini, hitimisho, jina. Hayo yote ni kipindi kimoja, na wakati mzuri wa kuyafundisha ni siku ya nakala safi, mtoto akiwa tayari ana barua anayotaka ifike. Siku hiyo anuani haihitaji kukaririshwa: mtoto anajua bila S.L.P. jibu halitamrudia. Ukiyafundisha mwanzo, anuani na salamu zitakula ukurasa mzima na kiini kitapewa mistari miwili ya mwisho.

Kuhusu posta nijibu kwa haraka: barua zote kwenye bahasha moja kubwa ya kaki, kutoka S.L.P. ya shule kwenda S.L.P. ya shule. Ni nafuu kuliko kutuma moja moja, na hakuna mtoto anayetoa mahali anapoishi kwa mtu asiyemjua. Jina la kwanza na darasa vinatosha. Mpigie simu mwalimu wa upande wa pili kabla ya yote na mkubaliane juu ya kalamu nyekundu, kwa sababu upande mmoja ukisahihisha na mwingine usisahihishe, watoto wako wataandika mambo mazito na kurudishiwa "natumaini u mzima".

Majibu yakifika usiyaweke ofisini kwanza kuyakagua makosa ya wenzako. Wagawie watoto siku hiyo hiyo, kila mtu asome yake, apige mstari chini ya kila alichoulizwa. Barua inayofuata inaanzia kwenye mistari hiyo.

Na mkuu wa shule akihoji mbona madaftari hayana tiki, chukua karatasi za mtoto mmoja, rasimu ya kwanza, ile yenye mishale na ile safi, zibane pamoja umpelekee asome kwa mpangilio huo. Kwetu mkuu alizisoma akiwa amesimama mlangoni, akauliza huyu mtoto ni wa nani, na suala la tiki halikurudi tena.