Jibu: Cheti cha kutibu wakosaji wa ngono, Uganda kinatakiwa nini hasa?

Ndugu uliyeuliza kama kile cheti cha mtandaoni cha siku tano kinakuruhusu kutibu wafungwa wa makosa ya ngono pale gereza la Luzira, Kampala: hakikuruhusu. Uganda haina leseni ya pekee kwa kazi hii kama ilivyo jimbo la Texas, Marekani, kwa hiyo anayekuuzia "leseni ya kimataifa" anakuuzia karatasi. Huku utapimwa kwa taaluma yako ya msingi, na kwa saa ulizofanya chini ya msimamizi anayeijua kazi.

Njia iliyonyooka ni shahada ya uzamili ya saikolojia ya kliniki, kama ile ya Makerere. Uanachama wa chama cha washauri nasaha ni mzuri, ila unathibitisha ushauri wa jumla tu. Kibali cha kuingia gerezani kinaombwa kivyake kwa wakuu wa Magereza.

Ukitaka kipimo cha kujilinganisha, chukua cha Texas: kwanza leseni ya afya ya akili, kisha saa 1,000 za kutathmini na kutibu wakosaji hawa, na mafunzo ya saa 40 ambayo 10 kati yake zinahusu waathiriwa. Hizo 10 usizidharau. Mtaalamu asiyejua madhara yanayompata mtoto humeza haraka maneno ya mteja kwamba "alikubali mwenyewe".

Daftari la saa liwe na tarehe, namba ya mteja (si jina), aina ya kikao, dakika, na sahihi ya msimamizi wiki ileile. Likijazwa lote Desemba kwa kalamu moja, hakuna atakayeliamini. Ibada na mihadhara ya gerezani usiihesabu.

Sasa vipimo vya hatari ya kurudia kosa, ambako wengi huharibu. Kimojawapo, Static-99R, kina vipengele 10, alama kuanzia -3 hadi 12, na ni kwa wanaume watu wazima tu. Hakihitaji mahojiano, kinahitaji faili kamili la kesi zake. Hapo ndipo tunapokwama: kesi ya zamani iko wilaya nyingine, au jina limeandikwa kwa tahajia mbili, na alama inashuka bila sababu. Tena viwango vyake vya kulinganishia vimetoka nchi nyingine, hivyo usiandike asilimia za kurudia kosa kwenye ripoti ya mahakama ya hapa.

Halafu sheria yetu ya unajisi, yaani kufanya ngono na mtoto, inahusu mtoto yeyote aliye chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 19 aliyekamatwa na mpenzi wa 17 ana shtaka la jina lilelile na mtu mzima aliyemwingilia mtoto wa miaka 14. Static-99R haikuundwa kwa kesi kama ya huyo kijana, na kuwaweka kundi moja la tiba kunaweza kumharibu mwenye hatari ndogo. Soma maelezo ya kesi, usiishie kwenye jina la kosa.

Mwisho ni fomu ya ridhaa, kabla ya kikao cha kwanza. Iseme wazi siri gani hutaitunza: marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yanataka daktari, ofisa wa ustawi wa jamii au mwalimu anayeshuku mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwa ofisa wa probesheni, polisi au simu ya msaada wa watoto, 116. Iseme pia kama wewe ni mtabibu wake au mwandishi wa ripoti ya mahakama. Usiwe vyote viwili. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha yake mbele ya shahidi, ndipo aweke dole gumba.